Nani Aliuleta? Virusi vya Marburg, Maandishi ya Vinasaba na Hukumu Zetu



Ndugu msomaji, katika mkutano wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo wilayani Muleba, upande ule unaotazama ziwa, mama mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka. Tulikuwa tumemaliza kusoma Injili ya Yohane, sura ya 9, habari ya mtu aliyezaliwa kipofu. Akasema: “Padre, ule ugonjwa wa Marburg, nani hasa aliuleta?” Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja akajibu kwa niaba yangu kwamba uliletwa na wavuvi wa Goziba, na kwamba jambo hilo kila mtu analijua. Mwingine akapinga: hapana, kuna familia iliyojifungulia mlango wa mambo ya giza. Kijana aliyekaa karibu na mlango, ambaye huenda kuvua visiwani, aliinamisha kichwa na hakusema neno mpaka tulipoachana.

Makala hii ni jibu langu lililochelewa. Nimelitafuta mahali ambapo huenda wengi wetu tusingelitafuta, yaani katika utofauti wa vinasaba vya virusi vyenyewe. Wataalamu wamejifunza kuvisoma vinasaba hivyo kama maandishi, na maandishi hayo yana mengi ya kusema kuhusu nani alimwambukiza nani, na nani anasingiziwa.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Katikati ya Machi 2023 Wizara ya Afya ilitoa taarifa ya ugonjwa usiofahamika katika kata za Maruku na Kanyangereko, Wilaya ya Bukoba. Tarehe 21 Machi 2023, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba vipimo vya Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii vimethibitisha kuwapo kwa virusi vya Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu. Mlipuko ulipotangazwa kuwa umekwisha tarehe 2 Juni 2023, watu 9 walikuwa wameugua: 8 walithibitishwa na maabara na 1 alihesabiwa kutokana na dalili na mazingira ya ugonjwa wake. Kati yao 6 waliaga dunia. Walikuwamo watumishi wawili wa afya, na mmoja wao alifariki. Mgonjwa wa kwanza kufahamika alikuwa amesafiri kutoka kisiwa cha Goziba, na alianza kuugua baada ya kuwasili kijijini kwake. Waliomfuata walikuwa watu wa familia yake.

Habari hiyo ya safari ya Goziba, iliyoandikwa kwa lugha kavu ya kitabibu, ndiyo iliyozaa hukumu niliyoisikia katika jumuiya. Lakini itazameni vizuri. Tangu virusi vya Marburg viingie mwilini mpaka dalili zionekane hupita siku 2 hadi 21. Katika majuma matatu mtu wa kwetu hupita mahali pengi: mwaloni, sokoni, msibani, shambani, pengine hata pangoni alikokwenda kujikinga na mvua. Kwamba mtu alitoka Goziba ni habari ya safari yake. Haithibitishi mahali alipoambukizwa, na hata ingethibitisha mahali, isingethibitisha kosa la mtu yeyote.

Jina lenyewe la ugonjwa lingetosha kutufundisha tahadhari. Marburg ni mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika mji huo, na katika miji ya Frankfurt na Belgrade, waliugua baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliambukizwa na 7 wakafariki. Mji uliopokea ugonjwa ndio uliobandikwa jina lake. Wanaoijua historia ya watakatifu watakumbuka kwamba ni katika mji huohuo Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria alijenga hospitali ya maskini mwaka 1228, akawahudumia kwa mikono yake mwenyewe mpaka kifo chake mwaka 1231. Leo mtu akilitaja jina Marburg katika mitaa ya Bukoba, hakuna anayemfikiria Elizabeti.

Sasa tuje kwenye maandishi. Kila kirusi cha Marburg kimebeba ndani yake uzi mmoja mwembamba wa vinasaba wenye herufi takribani 19,000, ambazo ni za aina nne tu zikipangwa kwa mfuatano maalumu. Ni kijitabu kidogo mno ukikilinganisha na maandishi ya vinasaba vya binadamu, ambayo herufi zake ni takribani bilioni 3. (Elimu hii ya urithi, nikumbushe kwa fahari kidogo, ilianzia katika bustani ya monasteri: Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino huko Brno, alihesabu mimea yake ya njegere kwa miaka na kutoa matokeo yake mwaka 1865.) Kirusi kikiingia ndani ya seli hujinakili maelfu ya mara. Kwa kuwa hakina mhariri wa kusahihisha nakala zake, makosa hutokea: herufi moja hapa, nyingine pale. Makosa mengi hayabadilishi ugonjwa wala dalili zake. Hata hivyo hubaki, na nakala zinazotokana na ile yenye kosa hulirithi.

Waliosoma Maandiko Matakatifu seminarini watautambua mtindo huu mara moja. Kabla ya mitambo ya uchapaji, Biblia ilinakiliwa kwa mkono. Mnakili akichoka, aliruka neno au alirudia mstari. Aliyenakili kutoka kwake alilibeba kosa lile bila kujua. Hivyo wataalamu wa Maandiko wakikuta hati mbili, moja Misri na nyingine Siria, zenye makosa yaleyale mahali palepale, husema kwa uhakika kwamba zina mzazi mmoja. Zikitofautiana katika mamia ya mahali, husema zilitengana zamani sana. Makosa ya wanakili, ambayo wakati ule yalionekana aibu, yamekuwa msaada mkubwa wa kuufahamu ukoo wa hati. Nilipokuwa mwanafunzi niliona somo hili linachosha. Sikujua kwamba siku moja lingenisaidia kufahamu ugonjwa uliowaua watu wa jirani.

Virusi vya Marburg husomwa kwa namna hiyohiyo. Viko katika matawi mawili makuu: Marburg yenyewe, na nduguye aitwaye Ravn, aliyejulikana mwaka 1987 kutoka kwa kijana wa Kidenmarki aliyeugua nchini Kenya baada ya kuzuru pango la Kitum katika Mlima Elgon. Matawi hayo hutofautiana karibu herufi 20 katika kila 100. Ndani ya tawi la Marburg pia kuna vijitawi. Virusi vya Angola, kwa mfano, vimetengana na vile vya Afrika Mashariki kwa takribani herufi 7 katika 100. Utofauti mkubwa kiasi hiki haupatikani kwa majuma machache ya watu kuambukizana. Unahitaji miaka mingi, na unahitaji mwenyeji ambaye virusi vinaishi ndani yake bila kumwua. Mwenyeji huyo ni popo wa matunda anayeishi mapangoni, ambaye wataalamu humwita Rousettus aegyptiacus. Katika mapango makubwa ya magharibi mwa Uganda, popo wachache katika kila 100 hukutwa na virusi hai, na virusi hivyo havifanani vyote: pango moja laweza kuwa na vijitawi kadhaa kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo mambo yanapofunguka. Linganisheni milipuko miwili. Wa kwanza ni wa Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, kati ya 1998 na 2000. Watu 154 waliugua na 128 walikufa, wengi wakiwa wachimbaji wa dhahabu. Nje ilionekana kama tauni moja inayotembea kutoka mtu hadi mtu, na bila shaka wenyeji walinyosheana vidole. Maandishi ya virusi yaliposomwa, yalipatikana maandishi angalau 9 yaliyotofautiana kabisa. Kwa maneno mengine, hapakuwa na mgonjwa mmoja aliyeuleta ugonjwa. Tena na tena, mtu aliingia katika mgodi wa Goroumbwa uliojaa popo, akatoka na virusi vyake, akaambukiza watu wachache nyumbani, na mnyororo ule ukakatika. Kisha mwingine akaanza wa kwake. Mgodi ulipofurika maji, ugonjwa ulikoma.

Mlipuko wa pili ni wa Uíge, nchini Angola, uliopamba moto mwaka 2005. Watu 252 waliugua na 227 walikufa. Huko maandishi yalikuwa karibu sawa kwa wagonjwa wote. Virusi viliingia kwa wanadamu mara moja, kisha vikapita kutoka mikono hadi mikono: kwa waliowauguza wagonjwa, kwa sindano, kwa waliowaosha marehemu. Vivyo hivyo nchini Rwanda mwaka 2024, ambako watu 66 waliugua, wengi wao wakiwa watumishi wa afya, na 15 walifariki: maandishi yalitofautiana kidogo sana, na yalielekeza kwenye tukio moja la virusi kuvuka kutoka kwa mnyama kwenda kwa mwanadamu.

Ugonjwa ni uleule, lakini historia ni mbili zisizofanana, na kila moja inadai tiba yake ya kijamii. Palipotokea kama Durba, kumfungia jirani nje hakusaidii kitu. Kinachotakiwa ni kuufunga mlango wa mgodi. Palipotokea kama Uíge, shida iko katika namna tunavyowagusa wagonjwa na marehemu wetu, na hapo lawama ikimwangukia mtu humwangukia aliyependa. Nani huambukizwa? Mama anayemfuta mwanawe matapishi. Ndugu anayemwosha marehemu kabla ya kumvika sanda. Muuguzi asiye na glavu. Mlipuko wa Bukoba, kwa umbo lake, ulikuwa wa namna hii ya pili: familia moja, kisha waliowahudumia. Anayesema kwamba familia ile ilipatwa kwa sababu ya laana au mambo ya giza aangalie vizuri ni kitu gani anachokiita laana. Walikuwa wakiuguzana.

Kwa wafugaji wetu kuna mfano mwingine ulio karibu, na ningependa wausome kwa makini: homa ya Crimea na Kongo, inayoenezwa na kupe. Nayo huweza kumtoa mtu damu hata akadhaniwa ana Marburg, ingawa virusi vyake si vya ukoo huo. Ilielezwa huko Crimea mwaka 1944. Mwaka 1956 virusi vilipatikana Kongo kwa mtoto mgonjwa. Mwaka 1969 ndipo ilipobainika kwamba ni kitu kimoja. Majirani zetu wa Uganda wameiripoti mara kwa mara tangu 2013. Virusi hivi vina utofauti wa vinasaba mkubwa kupita virusi vingi vya aina yake, na wataalamu huvigawa katika makundi 6 au 7, matatu yakiwa ya Afrika. Maandishi yake yako katika juzuu tatu zilizotengana, hivyo aina mbili zikikutana ndani ya kupe mmoja zinaweza kubadilishana juzuu, na kikazaliwa kitabu kipya chenye juzuu za wazazi wawili. Kupe mwenyewe huvibeba maisha yake yote na kuwarithisha watoto wake kupitia mayai. Husafirishwa na ng’ombe wa mnadani, na hata na ndege wahamao.

Ng’ombe aliyeambukizwa haonyeshi dalili. Anakula na kucheua kama kawaida. Ndiyo maana watu wawili wa vijiji jirani wanaweza kuugua katika mwezi mmoja na wasiwe wameambukizana hata kidogo, kila mmoja akiwa ameupata kwa kupe wake au kwa damu ya mnyama aliyemchinja. Maandishi ya virusi ndiyo yanayoweza kuwatenganisha. Macho ya jirani yataona watu wawili, ugonjwa mmoja na mchawi mmoja. Mfugaji aliyezoea kuwapeleka ng’ombe joshoni kwa ajili ya ndigana kali ajue kwamba analinda pia nyumba yake, na aache kuwapasua kupe kwa kucha.

Nirudi Kagera. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba Marburg imeonekana tena mkoani kwetu, safari hii wilayani Biharamulo. Mpaka mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, watu 10 walikuwa wamefariki, 2 wakiwa wamethibitishwa na maabara. Maneno yakaanza upya: kumbe waliopona kule Bukoba bado wanao, wameusambaza. Ni kweli kwamba kwa baadhi ya waliopona virusi huweza kujificha kwa muda katika sehemu chache za mwili, hasa katika mbegu za kiume, na ndiyo sababu hupewa ushauri wa kitabibu. Lakini huwezi kuvipata kwa kukaa naye benchi moja kanisani, kununua ndizi zake au kupeana naye amani. Mkoa wetu una popo wa aina ile, na mahali walipo virusi vinaweza kuvuka tena bila msaada wa mtu aliyepona. Sijui tunapata faida gani kumfanya mtu aliyetoka kaburini aishi kama angali kaburini.

Kwa hiyo nawaomba waamini mambo yanayogusa utume wetu moja kwa moja. Watumishi wa afya wakiomba kuchukua sampuli kwa mgonjwa, au kwa marehemu kabla ya maziko, msiwazuie kwa kudhani mnalinda heshima ya mwili. Bila sampuli hakuna maandishi ya kusoma, na yasiposomwa, nafasi yake huchukuliwa na uvumi. Ibada ya mazishi haidai mwili uoshwe kwa mikono ya ndugu, na Misa ya kumwombea marehemu inaweza kuadhimishwa baadaye bila jeneza kuwapo. Mnaohofia kwamba mgonjwa atakosa Mpako Mtakatifu, fahamuni kwamba Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1000, inamruhusu padre kutumia kifaa badala ya kidole ikiwapo sababu nzito. Mitume walipomwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, aliwakatalia majibu yote mawili waliyokuwa wamemwandalia. Kisha akainama, akafanya tope, akamhudumia yule mtu.

Maelezo haya niliyasoma kwanza katika jumuiya ileile, kabla ya kuyaandika hapa. Yule kijana mvuvi alikuwapo, na safari hii alikaa katikati. Mzee wetu alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema: “Basi Padre, kama si wavuvi ni popo. Tuwachome moto mapangoni tumalize.”

Nikamweleza habari za mgodi wa Kitaka, wilayani Kamwenge nchini Uganda, si mbali sana na mpaka wetu. Mwaka 2007 wachimbaji waliambukizwa Marburg humo. Baadaye popo wa Kitaka waliangamizwa kwa maelfu. Mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena Ibanda, na watafiti waliporudi mgodini walikuta popo wachache wamehamia upya, lakini sehemu yao iliyobeba virusi ilikuwa kubwa kuliko mwanzo: kutoka takribani 5 katika 100 hadi 13. Na virusi vya popo wale vilifanana sana na vya wagonjwa wa mwaka huo. Walipouawa wenyeji, nafasi ilijazwa na wageni wasio na kinga, na virusi vikapata shamba jipya.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba juu ya kibanja chake kuna pango, na kwamba wajukuu hucheza humo wakati wa likizo. Jioni ileile angewakataza.